Mfanyakazi Anapowatisha Wenye Biashara

Leo nataka tuzungumze habari ya jambo ambalo huwanyima watu wengi usingizi, nalo halisemwi sana mbele za watu, kwa sababu ya aibu na kwa sababu ya hofu. Ni habari ya mfanyakazi ambaye amegeuka kuwa mtu wa kuwatisha wale waliomwajiri. Nami nitasema hasa na ninyi ambao mna biashara ndogo ya watu wawili au watatu pamoja, maana kwenu jambo hili lina uchungu wa namna yake.

Chukua mfano huu. Si habari ya mtu fulani, basi usimtafute jirani yako ndani yake. Ndugu wawili wa kanisa moja wameunganisha fedha zao, wakanunua kinu cha kusaga unga karibu na soko. Mmoja hushinda kinuni kutwa nzima. Mwenzake ana kazi yake mjini, naye huja Jumamosi kutazama hesabu. Wamemwandika kijana wa kuendesha mashine, ambaye ni shemeji wa yule wa mjini. Mwaka wa kwanza mambo ni mazuri. Mwaka wa pili yule anayeshinda kinuni anaona kwamba hesabu hazilingani: mahindi yaliyosagwa ni mengi, lakini fedha ni kidogo. Anamwuliza kijana. Kijana hapigi kelele. Anasogea karibu na kumwambia polepole kwamba yeye aijua njia ambayo mzee hupita jioni, tena kinu kinaweza kushika moto wakati wo wote. Kesho yake anacheka na wateja kama kwamba hakuna neno lililosemwa.

Sasa ndugu huyu afanye nini? Akimwambia mwenzake, anaogopa kuambiwa, "Unamsingizia shemeji yangu." Akimfukuza kijana peke yake, anaogopa moto. Akinyamaza, kila jioni atakuwa akitazama nyuma njiani. Mkewe ameona kwamba siku hizi hurudi nyumbani kabla ya jua kuchwa, lakini hajaambiwa sababu. Na kijana naye ameona kwamba hofu imeingia, na mtu aliyeona kwamba neno lake limeogopwa mara moja atalisema tena.

Ndugu msikilizaji, watu wengi hufikiri kwamba shida hapa ni huyu kijana tu. Mimi nasema shida ya kwanza ni ule ufa ulio kati ya wenye kinu wawili. Mfanyakazi mwenye kutisha huwa amewasoma mabwana zake. Anajua nani mpole na nani mkali, nani yupo na nani hayupo, nani ana hofu ya kumwudhi mwenzake. Kitisho chake kinakaa ndani ya ufa huo, kama nyoka akaavyo katika ufa wa ukuta. Ndiyo maana wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi kabla ya kuuliza, "Tumfanyeje mfanyakazi?" wenye biashara na waulizane, "Sisi wenyewe tuko pamoja?"

Tena sheria yenyewe inawafunga pamoja. Katika ubia, tendo la mmoja katika kazi ya kawaida ya biashara huwafunga wote. Ndivyo ilivyo katika Sheria ya Ubia ya mwaka 2012. Ukimwongezea mfanyakazi mshahara kwa siri ili anyamaze, umemwahidi na kwa jina la mwenzako. Ukimfukuza kwa hasira mbele ya wateja, naye akaenda mahakamani, deni litakalotoka huko litakuwa la ninyi wote. Na mkiwa wawili hakuna kura ya wengi. Ni kukubaliana, au ni kukwama.

Kwa hiyo, jambo la kwanza: mwambie mwenzako siku ile ile. Usingoje Jumamosi. Mwambie maneno yenyewe kama yalivyosemwa, bila kuongeza chumvi na bila kupunguza. Kisha yaandike katika daftari: tarehe, saa, mahali, maneno, na nani alikuwa karibu. Kama alituma ujumbe kwa simu, usiufute. Na wewe unayeambiwa, ukisikia kwamba anayelaumiwa ni jamaa yako, usikimbilie kumtetea wala kumhukumu. Msikilize mwenzako kwanza mpaka amalize. Anayekueleza hofu yake amekuamini na jambo zito. Ukimcheka, hatakuambia la pili, na la pili laweza kuwa baya zaidi.

Jambo la pili: kipimeni kitisho, maana vitisho si vya aina moja. Kuna mfanyakazi asemaye, "Msiponilipa mshahara wangu wa miezi miwili nitakwenda kwa afisa wa kazi." Ndugu yangu, hicho si kitisho. Huyo anadai haki yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya kupeleka malalamiko yenye msingi juu ya mwajiri wake. Kabla hujasema, "Ananitisha," tazama daftari lako la mishahara. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anatuonya kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo Mungu anazisikia.

Kuna mwingine asemaye, "Nipeni fedha, ama nitawaambia watu kwamba mizani yenu ni ya uongo." Hapa pana mambo mawili, nayo msiyachanganye. Kama mizani ni ya uongo kweli, itengenezeni leo, hata kama hakuna anayewatisha. Mtu aliyetengeneza kosa lake amemnyang'anya adui silaha. Lakini kudai fedha kwa vitisho ni kosa la jinai, na kulipa hakumalizi neno. Anayelipwa leo ili anyamaze, mwezi ujao atakumbuka siri nyingine.

Na kuna yule anayetisha mwili wa mtu, au nyumba yake, au watoto wake, au mali ya biashara. Hicho si cha kuzungumziwa kinuni tu. Kutisha kumwua mtu ni kosa kubwa katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 223, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 10. Nendeni kituo cha polisi siku hiyo hiyo, nyote wawili mkiweza, mwandikishe habari katika kitabu cha matukio, na mpewe namba ya OB. Iandikeni namba hiyo katika daftari lenu. Na kama hatari iko mlangoni sasa hivi, pigeni simu 999 au 112.

Najua kuna Mkristo anayesikiliza na kusema moyoni, "Je, kwenda polisi si kukosa imani? Mbona nisimwachie Mungu?" Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 23. Zaidi ya watu 40 walikuwa wamejifunga kwa kiapo kumwua Paulo. Mtoto wa dada yake akasikia shauri hilo, akaingia ngomeni akamwambia. Paulo hakusema, "Nyamaza, mwanangu, sisi tutaomba tu." Alimwita akida, akamtuma yule kijana kwa jemadari. Na usiku ule jemadari akamtoa Paulo mjini kwa ulinzi wa askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Paulo alikuwa mtu wa maombi, lakini hakuona dhambi kuomba ulinzi wa serikali. Na tazama tena kwamba aliyeleta habari alikuwa kijana tu. Kwa hiyo usimpuuze kibarua au mfagiaji anayekuja kukunong'oneza kwamba amesikia neno.

Jambo la tatu: lindeni watu kabla ya mali. Tangu siku ile asifungue mtu wala kufunga kinu peke yake, wawe wawili. Fedha za mauzo zisilale hapo. Kama mfanyakazi ana funguo, badilisheni makufuli. Kama anajua namba ya siri ya M-Pesa ya biashara, ibadilisheni. Waambieni wake zenu na waume zenu, maana hao nao hupita njia hiyo hiyo. Na akikuita mkutane mahali pa faragha "myamalize kiume," usiende. Nehemia alipokuwa akijenga ukuta wa Yerusalemu, adui zake walimwita mara 4 wakutane naye katika uwanda wa Ono, na mara zote 4 alikataa, kwa kuwa alijua nia yao. Nehemia hakuwa mwoga. Alikuwa mtu mwenye kazi ya kumaliza.

Jambo la nne: fuateni sheria hatua kwa hatua, hata kama mna hakika kwamba mna haki. Wengi hukosea hapa. Wanasema, "Huyu ametutisha, aondoke leo!" na hawamsikilizi hata dakika 5. Sheria ya Ajira inakubali kwamba mtu aweza kuachishwa kazi mara moja kwa kosa kubwa. Kifungu cha 44 kinataja lugha ya matusi au mwenendo wa dharau kwa mwajiri, na pia kosa la jinai juu ya mwajiri au mali yake, au hata kushukiwa kosa hilo kwa sababu za kutosha. Lakini kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya hapo lazima mfanyakazi aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, naye asikilizwe, na awe na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama cha wafanyakazi. Hata kama biashara yenu ina wafanyakazi 2 tu, haki hiyo ni yake.

Basi fanyeni hivi. Mpeni barua inayosema analaumiwa kwa nini, na siku gani atasikilizwa. Kama ni hatari awepo kazini, asimame kando kwa siku chache, na ni vema aendelee kulipwa siku hizo, ili isionekane kwamba amekwisha kuhukumiwa. Siku ya kumsikiliza, kaeni wenye biashara wote, na mtu mmoja wa kuandika. Fanyeni mchana, mahali penye watu karibu. Semeni kwa sauti moja: mmoja aongoze maneno, mwingine asimkatize. Mwulizeni, "Je, maneno haya ulisema? Kwa nini?" Kisha nyamazeni msikie. Yawezekana atasema jambo ambalo hamkulijua. Baada yake jadilini peke yenu, mkate shauri, mkamwandikie shauri hilo pamoja na sababu zake.

Na mkikata shauri kwamba aondoke, mlipeni kila shilingi aliyoifanyia kazi mpaka siku ile, na likizo yake ambayo hakuichukua. Mpeni cheti cha utumishi, maana kifungu cha 51 kinamtaka kila mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho, awe ameondoka kwa wema au kwa ubaya. Kama mmeona kwamba kosa halikuwa kubwa kiasi cha kumwachisha mara moja, lakini kuna sababu ya haki ya kuachana naye, basi apewe notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, kama mapatano yenu hayasemi zaidi. Mkimwondoa pasipo haki, mahakama yaweza kuamuru mmlipe hata mshahara wa miezi 12. Na karatasi hizo zitunzeni, kwa sababu sheria inaruhusu madai ya kazi kuletwa hata ndani ya miaka 3.

Mtu atasema, "Mchungaji, mtu ametishia kuchoma kinu changu, nawe waniambia nimlipe likizo?" Ndiyo. Mlipe, kwa sababu ni yake. Mshahara alioufanyia kazi si zawadi ya tabia njema. Tena ukimzuilia, umempa sababu ya kweli ya kukuchukia, pale ambapo kwanza alikuwa na sababu za uongo tu. Wengi waliofukuzwa wakiwa na fedha zao mkononi wamekwenda zao. Anayerudi usiku mara nyingi ni yule anayesema moyoni kwamba ameibiwa.

Jambo la tano ni yale yasiyofaa kufanywa. Msiwakodishe vijana wa mtaa wamfunze adabu. Msimwombe rafiki yenu aliye polisi amfungie usiku mmoja pasipo mashtaka. Msimtangaze sokoni wala kanisani. Mkifanya hayo, mmekuwa ninyi watishaji, naye amekuwa mwenye haki. Mtume Paulo, katika Waefeso sura ya 6, anawaagiza mabwana waache kuwatisha watumishi, kwa kuwa Bwana wao wote yuko mbinguni naye hana upendeleo. Je, hatujawasikia wenye biashara wakisema kila siku, "Ukichelewa tena utaona"? Kijana aliyefundishwa kwa vitisho miaka miwili, tusishangae siku atakapotumia somo lile kwa mwalimu wake.

Sasa turudi kwa wale ndugu wawili na shemeji yao. Yule wa mjini ana kazi ngumu kuliko mwenzake. Akisimama na mwenzake, nyumbani mkewe atauliza, "Umemtupa ndugu yangu?" Akisimama na shemeji, ameuvunja ubia. Ninamshauri hivi: asiwekwe kando katika shauri hili, wala asiachiwe alimalize peke yake kama mambo ya ukoo. Akae pale pamoja na mwenzake, asikie kwa masikio yake mwenyewe. Na kabla ya siku hiyo akae na mkewe amwambie kweli yote, mke asije akaisikia kwanza kutoka kwa upande mmoja. Wakitaka mzee wa kanisa au wa ukoo awasaidie kuzungumza, ni vema. Penye wazee haliharibiki neno. Lakini mzee asitumiwe kuficha kosa la jinai. Kazi yake ni kutuliza mioyo, si kuwa mahakama.

Je, na msamaha? Bwana wetu alitufundisha, katika Mathayo 18, kwamba ndugu akikukosa umwendee kwanza ninyi wawili tu. Asiposikia, uchukue mtu mmoja au wawili. Kisha uliambie kanisa. Wengine huwaza kwamba basi ni lazima wamwendee peke yao mtu aliyewatishia moto. Sivyo. Nia ya neno lile ni kumpata ndugu, si kumpa nafasi ya kuua. Mahali penye hatari, anza na ile hatua ya pili, uwe na mashahidi. Na kusamehe si kumrudishia funguo. Waweza kumsamehe mtu kwa moyo wote, ukamwombea kwa jina lake, ukamsalimu mkikutana njiani, na bado asifanye kazi kwako tena. Msamaha huondoa kisasi moyoni mwako. Kuaminiwa tena ni jambo jingine, nalo huja polepole, kwa matendo.

Na ninyi mnaotaka kuanza biashara pamoja mwaka huu, andikeni mapema, kabla ya kununua hata kufuli, nani ana haki ya kuandika mfanyakazi na nani ana haki ya kumwachisha, na kwamba neno la kuachisha litakuwa la wote. Mwandikieni na mfanyakazi mapatano yake, maana sheria inataka hivyo kwa kazi ya miezi 3 au zaidi. Hesabu zitazamwe kila wiki na macho mawili au matatu. Na mkiandika jamaa ya mmoja wenu, semezaneni siku hiyo hiyo, "Siku akikosa, tutafanya nini?" Siku ya furaha swali hilo ni rahisi. Siku ya hofu ni kama kuvuta jino.

Ndugu yangu, dada yangu, labda wewe ndiwe unayetazama nyuma kila jioni, na hujamwambia mtu. Leo, kabla ya kulala, mwambie mmoja. Mwambie mwenzako wa biashara, au mwenzi wako wa ndoa, au mchungaji wako. Kesho asubuhi andikeni. Yule anayekutisha anategemea sana kwamba utanyamaza.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uonaye yaliyosemwa kwa kunong'ona na yaliyosemwa kwa sauti, uwalinde leo wote wanaoishi kwa hofu mahali pa kazi yao. Uwape wenye biashara moyo mmoja na mikono safi. Umguse na yule aliyechukua kitisho kama silaha yake, aiweke chini kabla haijamwumiza mtu na yeye mwenyewe. Tunaomba kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.